Maswali Yenu: Kwa nini Lucy alimpa dawa yule Ghoul?

Maswali mengi mliyotuma safari hii yanahusu tamthilia ya Fallout, ya dunia iliyobaki baada ya vita vya nyuklia, ambamo Lucy ni binti aliyelelewa handakini na Ghoul ni mmoja wa ma-ghoul, watu ambao mionzi imewaharibu sura na kuwafanya waishi mamia ya miaka, na karibu yote yanarudi palepale, episodi ya nne ya msimu wa kwanza. Kama hujaiona ruka ukurasa huu kwanza, maana nitasema kila kitu.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi na mke wangu tumebishana kweli kuhusu Lucy. Yule Ghoul kamfunga kamba kamburuta jangwani, kamkata kidole, kaenda kumuuza akatolewe viungo vya mwili, halafu binti anatoka mle ndani mzima, anamkuta jamaa kalala chini anakata roho, na badala ya kumwacha afe anampa ile dawa inayozuia ma-ghoul wasitokwe na akili! Mke wangu anasema huo ndo utu, mi nasema ni ujinga. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mkeo. Ila nisikilize kwanza ndugu yangu maana sisemi hivi kumfurahisha shemeji.

Angalia mpangilio wa mambo yenyewe. Mapema tu kwenye hiyo episodi Ghoul anamkuta mwenzake wa zamani, Roger, ambaye hali yake imeshaanza kubadilika na karibu akili itamtoka kabisa awe kama mnyama. Ghoul anakaa naye, anamkumbusha vyakula walivyokuwa wanakula kabla ya mabomu, Roger anatabasamu, na katikati ya hilo tabasamu risasi. Halafu anatoa kisu anamkata nyama ya kwenda kula njiani! Yani hata huruma kule juu ya ardhi, nje ya mahandaki, mwisho wake ni kitoweo. Na Lucy alipomuuliza Ghoul anaishije hivi, jamaa akamjibu kwamba yeye na Lucy ni mtu yuleyule, apewe tu muda.

Hilo jibu ndo moyo wa episodi nzima, kila kinachofuata ni Lucy anapimwa kama ni kweli. Mle ndani ya Super Duper Mart, ile supamaketi mbovu waliyoigeuza bucha ya watu, anawakuta ma-ghoul wamefungiwa vizimbani, anawafungulia kwa roho ileile nzuri aliyolelewa nayo kule handakini Vault 33, na kinachomrudia ni kwamba baadhi yao akili zimeshaondoka, wanashambulia, na inabidi amuue Martha, mwanamke aliyekuwa anaongea naye muda mfupi uliopita. Sasa hapo ndo napotofautiana na wewe. Ungeniambia alimpa Ghoul dawa kabla ya hayo yote ningekubali kwamba ni binti wa handakini asiyejua dunia. Lakini alimpa BAADA. Ameshaona wema unavyoweza kumgeukia mtu, ameshaua, mikono ina damu, kidole kimoja sio chake tena, na bado anaamua. Mjinga ni yule asiyejua bei ya anachofanya, na Lucy wakati anatoka pale mlangoni bei alikuwa ameshailipa.

Na wala hakumbembeleza. Alimwachia vichupa vya dawa, akamwambia huenda siku moja atafanana naye sura ila hatakuwa kama yeye, akamkumbusha ile kanuni ya kumtendea mwenzio unavyotaka utendewe, akaweka na tusi juu, akaondoka zake. Ella Purnell, anayemwigiza Lucy, alivyolitoa lile tusi mi nilisimama kwenye kochi!

Kingine watu wanapitiliza ni kinachotokea baada ya hapo. Ghoul anaingia mle ndani, anakaa, anaangalia muvi ya zamani kwenye runinga na aliyemo ni yeye mwenyewe, Cooper Howard, mwigizaji wa muvi za macowboy kabla ya vita. Huyu huyu ndo aliyekuwa sura ya matangazo ya Vault-Tec, kampuni iliyouza yale mahandaki, na Lucy kazaliwa ndani ya handaki mojawapo. Walton Goggins pale anaigiza kwa macho tu na unaona kabisa kuna kitu kimemgusa, mtu aliyekuwa na uhakika kwamba dunia imemaliza wema wote ametoka kuokolewa na binti ambaye yeye mwenyewe alienda kumuuza. Kwangu mimi msimu mzima unageukia hapo.

SWALI: Shikamoo kaka. Nilicheka sana kwenye ile sehemu ya roboti anayetaka kumchana Lucy halafu nikajisikia vibaya, mbona nacheka mtu anataka kuchinjwa? Au nina tatizo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, huna tatizo lolote. Yule roboti Snip Snip ametengenezwa uchekwe, na sauti ya Matt Berry ni ya kistaarabu mno, anakukaribisha kama mgeni wa heshima, anakushonea kidole kingine, anakuambia pole, halafu kwa sauti ileile hana shida kabisa na kukutoa viungo. Kinachochekesha ni adabu ikiwa mahali ambapo hakuna huruma. Na kaa uangalie tena, aliyelala mezani naye ni mtu wa adabu sana, Lucy amefundishwa kusema tafadhali na asante toka mtoto. Wanaongea lugha moja wale wawili. Tofauti ni kwamba adabu ya mmoja ina mtu ndani na ya mwingine ni programu tu, na bila kicheko sidhani kama tungeliona hilo haraka hivyo. Halafu waandishi wanajua wapi pa kunyamaza, Norm, ndugu yake Lucy, na binamu yao Chet wanapoingia Vault 32, handaki la jirani, na kukuta maiti za watu waliokufa zamani, kabla hata ya wale wavamizi waliojifanya ni wao kuja kwenye harusi ya Lucy, pale sikumbuki utani wowote wa maana. Ni baridi tu inakupanda mgongoni, hasa Norm anapogundua mlango ulifunguliwa kwa Pip-Boy, ile kompyuta ya kuvaa mkononi, ya mama yake mzazi.

SWALI: Mabomu yalipigwa 2077 na hadithi ni ya 2296. Kweli miaka 219 baadaye mionzi bado inamuumiza mtu hivyo, na inaweza kumgeuza ghoul?

JIBU: Kumgeuza ghoul hapana. Mionzi mingi kwa mara moja inaleta kutapika, nywele kunyonyoka, uboho wa mifupa kushindwa kutengeneza damu, na mtu anakufa, haimpi miaka 200 ya ziada. Kuhusu muda nako tamthilia imevuta sana. Vumbi la bomu la nyuklia linapoa haraka kuliko tunavyodhani, kwa makadirio kila muda ukizidi mara 7 mionzi inashuka mara 10 hivi, kwahiyo ukilinganisha na ile ya saa la kwanza, baada ya masaa 7 imebaki sehemu 1 ya 10, baada ya siku 2 sehemu 1 ya 100, wiki 2 sehemu 1 ya 1000. Inayokaa ni kama sesiamu-137 ambayo inapungua nusu kila miaka 30 hivi, na ukipiga hesabu ya miaka 219 inakuwa imebaki chini ya sehemu 1 ya 100. Maji aliyokunywa Lucy jangwani yangeweza kumuumiza kwa uchafu mwingine kabisa ila siyo kwa bomu la 2077. Mi hainisumbui, Fallout toka gemu la kwanza la 1997 imejengwa juu ya jinsi watu wa miaka ya hamsini walivyoiogopa atomiki, na woga ule haukuwa na hesabu.

SWALI: Lazima nicheze magemu kwanza ndo nielewe? Na mwanangu wa miaka 11 anaweza kuangalia na mimi?

JIBU: Magemu sio lazima, hadithi ni mpya na inatokea miaka kadhaa baada ya Fallout 4, anza episodi ya kwanza tu. Mtoto hapana dada, hii ni ya watu wazima, kuna kukatana vidole na kulana nyama na matusi mwanzo mwisho. Msubirie alale.