Usukani wa gari la zamani hauvuliwi kwa nyundo: maswali na majibu

Maswali mengi yaliyokuja safari hii ni ya usukani wa magari ya zamani: kuuvua, kuutengeneza na kuurudisha. Ombi moja kwanza. Andikeni aina ya gari, mwaka, na kama lina eabegi (mfuko wa hewa wa kumkinga dereva) au halina. Swali la “nati ya usukani ni spana namba ngapi?” linakuja kila mara bila jina la gari, na halijibiki. Beetle ya zamani ni 27, Toyota nyingi za miaka ya 1980 ni 19, na kuna Land Rover isiyo na nati kabisa, kama mtakavyoona hapa chini.

Nina Corolla KE70, nabadilisha swichi ya indiketa. Nati imetoka lakini usukani hauchomoki. Fundi anagonga ncha ya shafti kwa nyundo huku mimi nauvuta. Tuendelee? (Msomaji, Sombetini, Arusha)

Acheni sasa hivi. Kosa hili linaharibu magari ya zamani kila siku, na linafanywa mbele ya mwenye gari akidhani ndiyo kazi.

Shafti ya usukani, yaani nondo inayoubeba, haikutengenezwa ipigwe kwa ncha. Pigo la kwanza linaponda uzi, na nati haitaingia tena ila kwa kulazimishwa. Mapigo yanayofuata yanashuka hadi kwenye beringi za stelingi boksi (boksi la gia za usukani, chini ya shafti) na kuziachia vishimo. Baada ya hapo usukani unakwamakwama, na hata ukirekebisha skrubu ya boksi hautapona. Baya zaidi, magari mengi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 yana shafti inayojikunja wakati wa ajali ili isimchome dereva kifuani. Marekani ililazimisha jambo hilo kwa magari mapya kuanzia 1968, na watengenezaji wa kwingine wakafuata. Shafti nyingi za aina hiyo vipande vyake vimeshikwa na pini za plastiki. Nyundo inazikata. Shika usukani uuvute kuelekea kwako, kisha usukume: ukisikia unaingia na kutoka, anzeni kutafuta shafti nyingine.

Kazi hii ni ya pula, kifaa cha skrubu kinachouvuta usukani utoke. Nyoosha tairi za mbele, toa waya wa hasi wa betri, ng'oa kifuniko cha honi. Nati irudishe kwenye uzi mizunguko mitatu, usukani ukiachia ghafla usikupige usoni. Weka alama inayovuka kutoka ncha ya shafti hadi kwenye kitovu cha usukani, kwa rangi au panchi ndogo, maana chaki itafutika. Kwenye kitovu cha Toyota nyingi za wakati huo kuna matundu mawili yenye uzi wa M8 (bolti ya milimita 8) wa hatua 1.25, na hapo ndipo pula inapofungwa. Bolti zake ziingie sawa kwa sawa wala zisizame sana, kwa sababu zikitokeza upande wa pili zinavunja swichi iliyo nyuma. Kaza skrubu ya kati kidogo, subiri dakika chache, kaza tena. Ukigoma, tia matone machache ya mafuta ya kulegeza kutu kwenye meno (mistari iliyochongwa pale usukani unaposhikana na shafti), uache mpaka kesho yake. Ukiachia utasikia mlio mmoja mkavu, na nati uliyoiacha itaudaka.

Pula ya kucha ishike kitovu tu, isishike mikono ya usukani wala duara. Moto wa gesi hapana, waya na plastiki viko sentimita chache tu kutoka hapo.

Wakati wa kurudisha, meno yawe masafi, indiketa iwe katikati, alama kwa alama, kisha kaza Nm 35 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa toki renchi, spana inayopima nguvu hiyo. Bomba refu juu ya racheti linavuta uzi. Na nasema bila kumung'unya: gereji isiyo na pula isiguse usukani. Pula si kifaa ghali ukilinganisha na shafti.

Land Rover Series IIA. Nimefungua katikati, sioni nati. (Msomaji, Majengo, Moshi)

Haina. Angalia kitovu kwa upande wa dashibodi: kuna mpasuko na bolti moja inayoubana kwenye shafti. Kuilegeza hakutoshi, itoe yote. Mwili wa bolti unapita kwenye mfereji uliochongwa kwenye shafti, na ndio unaozuia usukani usitoke. Watu wanailegeza nusu, wanavuta kwa nguvu zote, mwishowe wanapinda mikono ya usukani. Ukishaitoa, panua mpasuko taratibu kwa bisibisi bapa, sukasuka huku ukivuta. Series III, iliyoanza 1971, ndiyo yenye nati ya katikati.

Ukirudisha, tafuta bolti mpya ya chuma kigumu, siyo ya kuokoteza kwenye kopo la mabaki, kwani usukani mzima unategemea hiyo moja. Land Rover zilizojaa Arusha kwenye tamasha la Oktoba 2024 zilipendeza kwa rangi. Nawaomba wenye nazo waikague bolti hii kabla ya kufikiria rangi nyingine.

Naruhusiwa kutumia kufuli ya usukani kuushikilia wakati nafungua nati? (Msomaji, Ngarenaro)

Hapana. Kile kipini cha kufuli ni chembamba, kikivunjika kinaweza kujifunga ukiwa barabarani. Mtu aushike kwa mikono miwili.

Nimepiga alaimenti, sasa usukani umekaa kombo kushoto. Niuvue nisogeze meno mawili? (Msomaji, Njiro)

Usiuvue. Swali hili nimelijibu mara nyingi na nitalijibu tena, kwa sababu ni la hatari.

Usukani kukaa kombo ni dalili. Ukisogeza meno umeificha dalili na ugonjwa umebaki chini. Stelingi boksi za zamani zimechongwa ziwe na mbano kidogo katikati, pale gari linapokwenda moja kwa moja, na zilegee kidogo pembeni. Gari likinyooka huku boksi haiko katikati, unaendesha kwenye sehemu iliyolegea: gari linayumba, dereva anarekebisha kila saa, na mtu anamshauri akaze skrubu ya boksi. Akikaza hapo, ikifika katikati inakaba. Pia usukani utakata zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na indiketa haitajizima sawasawa.

Fanya hivi. Zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho ukihesabu mizunguko, kisha rudi nusu. Hapo boksi iko katikati, mradi stopa za tairi (vizuizi vya mwisho wa kukata kona) hazijachezewa. Ukitaka uhakika, fungua rodi inayotoka kwenye boksi kabla ya kuhesabu. Boksi ikiwa katikati, angalia tairi. Zikielekea pembeni, kasoro iko kwenye rodi. Kwenye gari lenye tairodi (rodi zinazogeuza tairi) mbili za kurekebisha, rodi moja irefushwe kiasi kilekile mwenzake inachofupishwa, hapo alaimenti haiharibiki. Kwenye Land Rover za Series rekebisha urefu wa rodi kati ya boksi na tairi. Kama usukani ulikuwa umenyooka ukapinda baada ya shimo au jiwe, tafuta kwanza rodi iliyopinda, na usiinyooshe, badilisha.

Ukikuta boksi iko katikati, tairi zimenyooka, rodi zina urefu sawa, na usukani bado kombo, hapo ndipo utajua kuna mtu aliurudisha vibaya. Sasa uvue usogeze meno.

Beetle. Nimerudisha usukani, honi inalia yenyewe nikiunga betri. (Msomaji, Usa River)

Kwenye Beetle kitufe cha honi hakipeleki umeme, kinaugusisha waya wa honi na chuma cha bodi. Waya huo ukigusa chuma popote, honi inalia. Umesahau washa (pete bapa) ya plastiki chini ya kitufe, au umebana waya chini ya kitovu. Na wale ambao honi hailii kabisa, chungulieni waya mfupi unaoruka kiungo cha mpira chini ya shafti: ukikatika, honi inakufa. Kiungo chenyewe kikiwa na nyufa, kibadilisheni siku hiyohiyo. Nati ni Nm 50 hivi.

Usukani wa Morris Minor umepasukapasuka kwa jua. Puti ya bodi itafaa? (Msomaji, Kiboriloni)

Haifai, ni kavu mno na itapasuka palepale. Tumia epoksi ya kukanda, ya sehemu mbili. Kwanza panua kila ufa kwa msumeno mdogo au tupa uwe na umbo la V mpaka uone chuma cha ndani. Kama kina kutu, kwangua ing'ae. Safisha kwa asetoni kwenye kitambaa, usiloweke. Jaza epoksi ipite kimo kidogo, iache saa 24, kisha msasa 80, 180, 320, na 600 mwisho. Praima (rangi ya msingi), halafu rangi ya sehemu mbili. Rangi ya kopo la kupuliza inalainika kwa jasho la mikono. Na msifunike nyufa kwa kava la kuvisha: likizunguka peke yake kwenye kona, gari haligeuki.

Mark II GX90 yenye eabegi. Hatua ni zilezile? (Msomaji, Himo)

Siyo zilezile. Toa hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu. Eabegi imeshikwa kwa skrubu za nyota, T30, pembeni mwa usukani. Ukiitoa ilaze uso juu, mbali na watu, wala usiipime kwa taa ya majaribio au mita. Chini kuna kebo ya kujikunja: usiizungushe usukani ukiwa nje. Ikizunguka, irudishe kushoto taratibu mpaka igome, kisha kulia mpaka alama zake za katikati zilingane. Ukiikosea itakatika siku ya kwanza utakayokata kona kali.

Meno ya ndani ya usukani yameliwa. Fundi anataka kuuchomelea kwenye shafti. (Msomaji, Pasua, Moshi)

Gari hilo lisitoke gereji. Tafuta usukani mwingine wenye meno sawa, na ukague meno ya shafti kwa kucha kabla ya kuuvisha.

Mercedes W123: bolti ya usukani inarudiwa? (Msomaji, Sakina)

Weka mpya. Ni ya pembe sita za ndani, milimita 10 kwenye nyingi, na inajizuia yenyewe isilegee, ila mara moja tu. Kaza Nm 80. Ukiikosa kabisa, safisha nyuzi zote mbili zibaki kavu, tia gundi ya uzi ya nguvu ya wastani kwenye ile ya zamani, na uagize mpya wiki hiyohiyo.