Vijana mnaokuja kurekodi swing, sikilizeni kidogo

Tangu nistaafu narekodi muziki nilioupenda toka nikiwa kijana kwenye brass bendi: swing ya Marekani ya miaka ya 1930 na 1940, ya kina Duke Ellington, Count Basie na Benny Goodman. Vijana wanaokuja kupuliza nami wanasoma noti vizuri kuliko sisi enzi zetu. Ila kuna mambo hayamo kwenye karatasi.

Bendi kamili ina saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni tatu au nne, halafu piano, gitaa, besi na dramu. Anayeamua noti ikatwe fupi au ivutwe ni tarumbeta ya kwanza. Kwa saksafoni ni alto ya kwanza. Wewe uliye wa tatu mfuate, hata kama karatasi iko upande wako. Mkianza pamoja kisha kila mtu akaishia pake, msikilizaji hatafuti nani kakosea. Anasema bendi mbovu, basi.

Noti za nusu pigo huandikwa zikiwa sawa, lakini ya kwanza huvutwa na ya pili hufupishwa. Kiasi gani? Inategemea kasi: wimbo ukikimbia, zinakaribia kulingana. Msikariri hesabu, tegeni sikio kwenye toazi la mpiga dramu.

Wapiga gitaa ndio wanaonisumbua zaidi. Wanafika na amplifaya na pedali, wanataka kusikika. Mjueni Freddie Green. Aliingia bendi ya Basie mwaka 1937 na, ukiacha kipindi kifupi tu, alikaa humo hadi alipofariki mwaka 1987. Gitaa lake halikuwa la umeme, solo alipiga kwa nadra mno, kazi yake ni mapigo manne kila baa, yaani kila kipimo cha wimbo. Katika rekodi nyingi inabidi umtafute kwa makini ndipo umsikie, ilhali besi na dramu vimemwegemea. Kazi hiyo haina makofi, na kwangu ndiyo inayolipwa kwanza.

Sikubali kila mtu arekodi kwake na hedifoni kisha fundi mitambo aunganishe. Tunakaa chumba kimoja, kwa sababu tarumbeta lazima imsikie mwenzake akivuta pumzi. Zamani upande mmoja wa sahani ya santuri ulichukua kama dakika tatu tu, tena hapakuwa na kukata na kuunganisha.

Kuhusu kasi, msiwe na haraka. Neal Hefti, mtunzi aliyeiandikia bendi ya Basie, alipoleta wimbo wake “Li'l Darlin'”, aliikusudia iende mbio zaidi. Basie akataka ipigwe polepole, na hivyo ndivyo ilivyorekodiwa mwaka 1957. Ijaribuni mwendo huo muone jasho linavyowatoka: hakuna pa kuficha noti iliyochelewa.

Na njooni na penseli, si kalamu ya wino. Hadi wakati wa chai nitakuwa nimeshabadilisha nusu ya alama zenu.