Mtoto wa mbwa asiyeona wala kusikia: mpime kwanza

Ndugu wa Nkuhungu, unasema mtoto wa mbwa wako mweupe mtupu, wa wiki sita, haoni wala hasikii, na majirani wanataka auawe. Mpime kwanza. Akiwa amelala, gonga sufuria hewani nyuma yake, usiguse sakafu, maana mtikisiko humwamsha ukadhani amesikia. Kisha dondosha pamba mbele ya macho, anayeona huigeukia.

Hata akishindwa yote mawili, pua ipo, na kwa mbwa pua ni nusu ya maisha. Sogeza kipande cha ini sentimita 10 kutoka puani. Akikifuata, akila vizuri na uzito ukipanda, mlee. Bakuli lisihamishwe. Mguse begani kabla ya kumbeba, la sivyo atashtuka na kung'ata, hasa watoto. Ua wa michongoma hautoshi, utamchoma macho. Zungushia wavu kwa ndani. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifikisha miezi 3, na asizalishwe kabisa.

Akiwa na degedege, anadhoofu au analia kwa maumivu, hapo mwite daktari wa mifugo amuue kwa sindano bila mateso. Sumu na rungu, hapana.