Kwa aliyepewa meza ya sayansi kwenye tamasha la jiji

Dada, umesema umepewa meza ya sayansi kwenye tamasha la jiji, vijana ni wa miaka 12 hadi 15, na bajeti hakuna. Roboti ya kukodi achana nayo, watapiga nayo selfi na kuondoka. Nunua ndimu.

Zibingirishe kwanza mezani kwa kiganja hadi zilainike, maji yaachie ndani. Kwenye kila moja chomeka msumari wa bati, ule uliopakwa zinki, na upande wa pili waya wa shaba uliomenywa, visigusane. Ndimu moja inatoa kama volti 0.9, na taa nyekundu ya LED inataka karibu volti 2, kwa hiyo unga nne: shaba ya hii kwa msumari wa ile. Mguu mrefu wa taa uende upande wa shaba. Wengi watageuza, halafu walalamike ndimu ni mbovu. Usiwasaidie haraka!

Mwanga wake ni hafifu, juani hauonekani kabisa. Beba boksi la viatu wachungulie ndani.

Kisha waulize umeme umetoka wapi. Watasema kwenye ndimu. Kumbe ni zinki ya msumari inayolika. Maji ya ndimu yanapitisha chaji. Mbishi mpe misumari miwili bila shaba, ajaribu: ndimu ipo, lakini taa haiwaki.

Na ndimu hizo zisikamuliwe juisi baadaye, zimeshaingia zinki.