Kengele ilie mapema: maswali ya baiskeli na wapita njia Kisumu

*Nikipiga kengele, watu huruka upande ule ule ninaopitia. Nifanyeje?* – Bodaboda wa baiskeli, Kondele

Unapiga ukiwa umeshamfikia mtu. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, baiskeli hula zaidi ya mita 4 kila sekunde. Ukipiga ukiwa mita 5 nyuma yake, ana sekunde moja ya kusikia, kushtuka na kuchagua upande, na aliyeshtuka hachagui. Piga ukiwa mita 15 hivi, kama matatu tatu za abiria 14 zilizofuatana. Acha kukanyaga pedali, vidole vikae kwenye breki. Ngoja kichwa kigeuke au bega lisogee, ndipo upite kulia kwake ukiacha nafasi ya mita moja. Usipige kelele "kulia!", maana wengi hulisikia kama amri na kwenda huko huko. "Samahani, napita" yatosha. Asipogeuka, huenda hasikii kabisa au ana visikizi masikioni. Hapo shuka mwendo hadi ule wa miguu, usimzidishie kengele.

*Natembea na mtoto. Tukae upande gani?* – Mama, Nyalenda

Penye njia ya pamoja, kaeni kushoto, na mtoto awe kushoto kwako, mbali na baiskeli zinazopita. Kabla ya kuhama upande tazama nyuma, hata kama ni njugu tu unazifuata. Pasipo na njia ya miguu, tembeeni kulia mwa barabara mkitazamana na magari.

*Nabeba mitungi minne ya maji. Breki nzima, lakini baiskeli haisimami.* – Manyatta

Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 za maji: umebeba mtu mzima, na breki ni zile zile. Mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kusimama huwa karibu mara nne, kwa hiyo punguza kabla ya kufika penye watu. Kagua raba za breki. Mifereji ikishafutika, badilisha zote mbili za gurudumu hilo, na uhakikishe zinabana rimu, si tairi. Rimu ikilowa, raba huteleza mizunguko ya kwanza: bana kidogo kidogo kuikausha. Jaza mitungi hadi mdomoni, kwani maji ya nusu mtungi hucheza na kuyumbisha baiskeli.

Halafu kuna upana. Macho hupima usukani, lakini inayogonga watu viuno ni mitungi ya pembeni. Soko la Kibuye siku ya Jumapili, shuka usukume. Hakuna ujanja mwingine.

*Taa yangu ni tochi niliyofunga kwenye usukani. Inatosha?* – Dunga

Ikiwa mwanga unatua chini, mita 5 au 6 mbele yako, sawa. Mwanga ukielekea juu humpofusha anayekuja, asikuone wewe wala shimo. Nyuma weka nyekundu.

*Nikimkuta asiyeona, mwenye fimbo nyeupe?* – Mwanafunzi, Milimani

Usimpite kimya, wala usimshike mkono bila kumwomba. Mwambie: "Mzee, niko nyuma yako na baiskeli, napita kulia kwako." Huyu ndiye wa kuambiwa upande, kwa kuwa umemweleza kwa utulivu ukiwa karibu kusimama. Na mnaosubiri abiria, msiegeshe baiskeli katikati ya njia: fimbo huingia kwenye spoki ikavunjika.