Mbona nyangumi wauaji naona wengi, ninyi mnasema 73?

Swali: Video za Salish Sea, bahari iliyo kati ya jimbo la Washington, Marekani, na Kanada, zinaonyesha nyangumi wauaji karibu kila wiki, mara nyingi kuliko zamani. Inakuwaje sensa ya Julai 2024 iwape wala samaki wa kusini, jamii ya nyangumi hao ilayo samaki, 73 tu? Si huenda wengine wamehama?

Jibu: Hawajahama. Wengi unaowaona ni jamii nyingine, wale wawindao sili na pomboo, na hao kweli wanaongezeka. Wanaogelea maji yaleyale lakini hawazaliani na wala samaki. Kuwajumlisha pamoja ni kuharibu hesabu yote, na inaudhi kuona kurasa zenye wafuasi maelfu zikitangaza kila wiki kwamba "wamerudi".

Mla samaki, dume au jike, hukaa na ukoo wa mama yake maisha yote. Koo hizo zimeunda makundi matatu, J, K na L, na kila mnyama ana namba yake na picha za pezi la mgongoni na baka la kijivu nyuma yake. Ukoo ukipigwa picha mara kadhaa bila mmoja wao kuonekana, huyo huhesabiwa amekufa. Ndiyo maana 73 si makadirio.

Na hao 73 si wazazi 73. Ondoa ndama, ondoa mabibi waliokwisha kukoma kuzaa. Mimba huchukua miezi 17 hivi, na uchunguzi wa homoni kwenye vinyesi, 2008 hadi 2014, ulikuta kama thuluthi mbili ya mimba zikiharibika; salmoni aina ya Chinook, chakula chao kikuu, walipoadimika, hali ilizidi. Mama akifa, hata mwanawe dume aliyekomaa huwa hatarini zaidi kufa. Kwa hiyo ndama mmoja kwenye picha si dalili ya kupona. Mwaka 1995 walikuwa 98.

Wajihadhari pia wasomaji na tiba za mkato. "Watazoea kula sili": uwindaji hurithishwa na mama, na njaa ya miaka haijawabadilisha. "Leteni madume wa kaskazini": hao nao ni wala samaki, zaidi ya 300, lakini wana milio yao na koo zao. Kinachokosekana ni Chinook, na hao hawarudi bila mito ya kuzalia iliyo wazi na baridi.

Kabla ya kusambaza video, tazama pezi. La mla samaki huwa na ncha ya mviringo, na baka lake mara nyingi limeingiwa na weusi. La mwinda sili limechongoka, baka ni kubwa na limejaa. Piga ubavu mzima, kulia na kushoto, andika tarehe na mahali. Piga ukiwa nchi kavu: tangu Januari 2025, boti katika maji ya jimbo la Washington lazima zikae yadi 1,000 kutoka kwa wala samaki hawa.