Waifai inayokatika chumbani kila jioni
Ndugu yangu wa Himbi, mtaa wa Goma, unasema kwamba waifai inashika vizuri sebuleni lakini chumbani inakatika kila jioni. Kabla ya kununua ruta (kifaa kinachosambaza waifai) nyingine, keti kando ya hiyo uliyo nayo saa mbili usiku ukiwa na simu: ikikatika hata hapo, shaka iwe kwenye laini ya intaneti au umeme unaopanda na kushuka, isipokatika, huenda ukuta wa mawe ya volkano ndio unaomeza mawimbi, hasa ya gigahezi 5, ambayo hayapenyi kama ya 2.4 (hayo ndiyo masafa mawili ambayo ruta nyingi hutumia). Mimi niliitoa ruta yangu nyuma ya kabati la chuma nikaiweka juu, katikati ya nyumba, na kukatika kukapungua sana. Majirani wakiwa wengi, kwenye 2.4 chagua, kwenye mipangilio ya ruta, chaneli (njia ya mawimbi) 1, 6 au 11, kwani hizo haziingiliani.